Kuomba ufadhili wa utafiti: kijana ajieleze vipi bila kujisifu wala kulia shida?

Kila mwaka wapo vijana wetu wa Handeni na Korogwe wanaohitimu shahada ya kwanza kwa ufaulu mzuri, wakaomba ufadhili wa kuendelea na uzamili au uzamivu kwa njia ya utafiti, na wakajibiwa kwa barua ya mistari mitatu kwamba hawakuchaguliwa. Nyumbani hufarijiwa kuwa riziki hiyo haikuwa yao. Faraja hiyo ni sahihi, kwa kuwa hakuna lipatikanalo ila kwa kadari ya Mwenyezi Mungu (SW). Hata hivyo, tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali, na katika jambo hili kamba ya ngamia ni karatasi mbili ambazo mwombaji huziandika mwenyewe: maelezo binafsi.

Maelezo hayo hutofautiana na wasifu, ambao huorodhesha shule na vyeti, na hutofautiana pia na andiko la utafiti, ambalo hueleza mbinu, ratiba na gharama. Ni ukurasa mmoja au miwili ambamo mwombaji huwajibu watu asiowajua swali moja: kwa nini fedha hizi apewe yeye, kwa kazi hii, wakati huu? Vyeti havijibu swali hilo. Waombaji wanaofika mbele ya jopo karibu wote wana alama nzuri. Alama ndizo zilizowafikisha hapo, na baada ya hapo hazisaidii sana.

Rasimu tulizopata kuzisoma kutoka kwa vijana wa wilaya hizi mbili zina tabia mbili, na mara nyingi zote mbili hukutana katika karatasi moja. Ya kwanza ni kulia shida. Mwombaji huanza na kifo cha baba, mama aliyeuza maandazi kumlipia ada, kilomita alizotembea kwenda shule, na taa ya koroboi. Hayo yote huwa ni kweli, na anayeyasoma huguswa. Lakini yanapochukua nusu ya ukurasa, jopo hubaki likimhurumia mtu lisilojua atafanya nini. Ufadhili wa kumsomesha mwanafunzi maskini na ufadhili wa utafiti ni vitu viwili. Wa kwanza hutazama uhitaji. Wa pili hutafuta mtu atakayeanza kazi ngumu ya miaka miwili, mitatu au minne na kuimaliza.

Tabia ya pili ni kimya. Mwombaji amefanya kazi ya kusifika katika mwaka wake wa mwisho wa masomo, lakini haitaji. Badala yake huandika kwamba ana bidii, nidhamu na moyo wa kujituma, maneno ambayo kila mwombaji duniani huyaandika. Ukimuuliza kwa nini aliificha kazi yake, atakujibu kwamba kujisifu ni vibaya. Jibu hilo linatoka katika malezi yetu mema, na hatupendi kijana ayatupe ili apate ufadhili. Ila linastahili kutazamwa upya, kwa sababu Qur'an yenyewe ina kisa cha mtu aliyejieleza mbele ya mwenye mamlaka.

Katika Sura Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (AS) anamwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, na anataja sifa zake mbili: kwamba ni mlinzi na kwamba ni mjuzi. Wafasiri, akiwemo Ibn Kathir, wameeleza kuwa inajuzu mtu kutaja uwezo wake pale usipojulikana na pakawa na haja. Tutazame mpangilio wa kisa chenyewe. Kabla ya kuomba chochote, Yusuf alikwisha kutafsiri ndoto na kutoa mpango: miaka saba ya kulima, nafaka iachwe katika mashuke yake, ila kidogo cha kuliwa, kwa ajili ya miaka saba ya ukame itakayofuata. Kisha akakataa kutoka gerezani mpaka jambo lake lichunguzwe na waliohusika watoe ushahidi. Baada ya hapo ndipo alipojieleza, kwa sifa mbili tu, na zote mbili zilihusu moja kwa moja kazi aliyoiomba. Katika ombi lile hakutaja kisima alichotupwa, wala kuuzwa, wala miaka ya gereza, ingawa hakuna aliyekuwa na kisa cha kuhuzunisha kuliko chake. Kazi imetangulia, ushahidi wa wengine umefuata, na maneno yake kuhusu nafsi yake ni machache na yanapimika. Hatujapata kuona mwongozo wa kuandika maelezo binafsi ulio bora kuliko mpangilio huo.

Sasa turudi Korogwe. Wasomaji wengi wa mji ule wanaifahamu maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo viwili vya Tanzania, pamoja na Bagamoyo, katika jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililofanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 na kuwahusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi katika maeneo yenye malaria. Wapo akina mama wa Korogwe waliowabeba watoto wao kuwapeleka katika jaribio hilo, na baadhi ya watoto hao sasa ni wanafunzi wa sekondari. Kijana aliyekulia katika mji wenye historia ya namna hiyo anapoandika kwamba malaria ni tatizo kubwa barani Afrika na kwamba ana ndoto ya kuitokomeza, anaitupa mali aliyonayo mkononi. Sentensi hiyo angeweza kuiandika mtu ambaye hajawahi kuumwa na mbu.

Tuseme ni binti aliyesomea sayansi ya maabara, na mradi wake wa mwaka wa mwisho aliufanya katika zahanati. Angeweza kuandika hivi: "Nilipima damu ya watoto 120 wenye homa kwa kipimo cha haraka na kwa hadubini. Nilitarajia majibu yalingane. Kwa watoto tisa hayakulingana: kipimo cha haraka kilisema wana malaria, hadubini haikuona kimelea. Niliwauliza mama zao ni lini watoto walitumia dawa mseto mara ya mwisho, nikagundua kuwa watano walikuwa wametibiwa ndani ya mwezi ule, na protini ya vimelea hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Wanne sikuweza kuwaeleza. Hao wanne ndio wanaonifanya niombe nafasi hii."

Takwimu hizo tumezitunga kwa mfano, lakini msomaji atazame kilichomo. Binti hajasema kuwa ana bidii. Amepima watoto 120. Hajasema kuwa ni mdadisi. Amewarudia akina mama na swali lililo sahihi. Hajasema kuwa ni mkweli. Amekiri mbele ya watu wanaomchagua kwamba wanne hakuwaelewa. Na ombi lake limetoka ndani ya kazi yenyewe, kiasi kwamba jopo linaposoma mstari wa mwisho linataka kujua habari za watoto wale wanne. Katika maneno yote hayo hakuna hata moja la kujisifu. Mzazi mcha Mungu anaweza kuyasoma kwa sauti sebuleni bila kuona haya.

Akiongeza kwamba anajua utafiti wa afya hauanzi bila kibali cha maadili, na kwamba kijijini huingii na vifaa vyako kabla ya kumwona mtendaji wa kijiji, jopo litatambua kuwa huyu amekwisha kufanya kazi shambani na hatapoteza miezi sita akijifunza njia. Mambo hayo vijana huyaona madogo mno kuyataja. Kwa mtafiti mzoefu ndiyo yanayotenganisha aliyefanya kazi na aliyeisoma kitabuni.

Si kila kijana ni wa maabara, na Handeni ina utajiri wake wa maswali. Mwaka 1992 mwanahistoria wa Marekani, James Giblin, alichapisha kitabu kizima juu ya mazingira na siasa za eneo hili kati ya 1840 na 1940, kikieleza jinsi watu wa Uzigua walivyokuwa wakiidhibiti nchi yao, njaa na maradhi ya mifugo, na jinsi udhibiti huo ulivyovunjika. Msomi alitoka mbali akaona Handeni inafaa kuandikiwa kitabu. Vijana waliozaliwa Chanika au Mkata huandika maelezo yao kana kwamba wilaya yao ni mahali pa kutoka tu.

Upo pia ule mji mdogo wa Chogo. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi hadi Somalia, wakawa watumwa, kisha wakajikomboa na kuweka makazi kando ya mto Juba, na wapo miongoni mwa vizazi vyao waliohifadhi Kizigua kwa zaidi ya karne moja na nusu. Dola ya Somalia ilipoporomoka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na miaka ya 2000 wakapewa makazi Chogo, katika ardhi ya mababu zao. Wengi wao wamekuwa raia. Lugha iliyosafiri kiasi hicho ikarudi imebadilika vipi? Ndoa, mirathi na mafundisho ya dini waliyopokea kule yanakutana vipi na yale ya majirani zao wa hapa? Mwombaji wa historia, isimu au sheria anayezungumza Kizigua ana funguo ambazo mtafiti wa London au Chicago angehitaji miaka kuzipata. Lakini tumeona katika fomu zao, kwenye sehemu ya lugha, vijana wakiandika Kiswahili na Kiingereza, basi. Kizigua wamekiacha. Kisambaa wamekiacha. Mmoja aliyekaa madrasa miaka minane hakuandika hata kuwa anasoma maandishi ya Kiarabu, ilhali aliomba kutafiti nyaraka za zamani za pwani, ambazo nyingi ziliandikwa Kiswahili kwa herufi hizo hizo.

Kwa mhandisi au mkemia, mkonge upo pale pale. Zao hili liliingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yake yameizunguka Korogwe kwa vizazi. Kati ya uzito wa jani, nyuzi ni takriban asilimia 4. Kilichobaki ni maji na mabaki, ambayo kwa miaka mingi yalitupwa. Pale Hale kilijengwa kiwanda cha kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki hayo. Aliyewahi kusimama kwenye korona akanusa mabaki yale yakichacha ana pa kuanzia. Na kwa wa maji, maji ya mto Pangani yanayopandishwa kutoka upande wa Korogwe kwenda Handeni ni somo la kutosha kwa shahada kadhaa.

Wafadhili wenyewe hawaulizi kwa namna moja, na hapa wengi huteleza kwa kutuma karatasi ile ile kila mahali. Mpango wa Fulbright wa Marekani, ulioanzishwa mwaka 1946, hutaka maandishi mawili tofauti: moja la malengo ya masomo na utafiti, jingine la maelezo binafsi. Anayerudia andiko lake la utafiti katika lile la pili amepoteza nafasi ya kujulikana. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao wanufaika wake wa kwanza walianza masomo mwaka 1960, unasisitiza mchango wa masomo hayo katika maendeleo ya nchi, na hapo ahadi ya jumla kwamba "nitaisaidia jamii yangu" haina uzito; itajwe ni idara gani, kituo gani, tatizo gani. DAAD ya Ujerumani hugharimia pia masomo ya uzamili na uzamivu katika vyuo vya Afrika Mashariki, jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, ingawa Tanzania si mwanachama wake, imekuwa na mpango kwa ajili ya jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama, na kwa muda mrefu msaada wake kwa mwanafunzi ulikuwa karadha njema isiyo na riba, iliyorejeshwa ili isaidie wengine. Masharti na tarehe hubadilika. Yasomwe upya kila mwaka kutoka kwa mfadhili mwenyewe, si kwa jamaa aliyeomba zamani.

Wazazi hutuuliza kuhusu riba. Ufadhili wa utafiti, kwa kawaida, haurejeshwi, hivyo wasiwasi huo haupo. Kinachohitaji kusomwa kwa makini ni sharti la kurudi nyumbani: anayekwenda Marekani kwa Fulbright, kwa mfano, hutakiwa kurudi nchini kwake kwa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi kule. Ni vyema familia ilijue hilo mapema, hasa kama kuna mipango ya ndoa.

Na hapa tuwaseme wazazi kidogo. Binti anapoomba, mara nyingi baba hunyamaza, akitarajia kuwa hatapata. Akipata ndipo mashauri yanapoanza: ataishi na nani, posa ya fulani itakuwaje, nani atamsindikiza. Mashauri hayo ni haki ya familia, lakini mahali pake ni kabla ya fomu kujazwa. Binti anayejua kuwa wazazi wameridhia aende Morogoro au Kampala, na hawajaridhia Ulaya, ataandika kuhusu msimamizi fulani wa Sokoine au Makerere ambaye amekwisha kusoma kazi zake na kumwandikia. Asiyejua ataandika kwa woga, akitaja chuo chochote, na woga huo huonekana. Tumeona mabinti wenye uwezo mkubwa wakitoa maelezo ya ovyo kwa sababu hii moja tu.

Kwa upande wa lugha, maandishi haya mengi hutakiwa kwa Kiingereza. Ushauri wetu ni kuyafikiri na kuyaandika kwanza kwa Kiswahili, ukimweleza shangazi yako wa Mombo kwa nini unataka kufanya kazi hii. Shangazi hatakubali maneno makubwa; atakuuliza, "Sasa wewe ulifanya nini hasa?" Swali lake ndilo la jopo. Ukishapata rasimu ambayo ameielewa, ihamishie kwenye Kiingereza cha sentensi fupi. Misemo ya watu mashuhuri juu ya elimu iachwe; jopo limeisoma mara elfu. Sentensi ya kwanza isianze na "tangu nikiwa mdogo". Programu za akili mnemba zinaweza kukuonyesha makosa ya sarufi, lakini ukiziachia ziandike zitakupa maelezo laini yasiyo na Korogwe ndani yake, yanayofanana na ya wengine mia waliofanya hivyo hivyo usiku ule ule. Isitoshe, kuweka jina lako juu ya maneno ambayo si yako katika ombi la amana ni jambo ambalo Mwislamu hahitaji kuelezwa.

Barua za mapendekezo ziombwe walau miezi miwili kabla. Aombwe mwalimu aliyeisimamia kazi yako, hata kama hana cheo, kuliko mkuu wa kitivo ambaye hakukumbuki. Mpelekee rasimu yako ili barua yake ithibitishe yale uliyoyasema: ukiandika watoto 120, naye aandike kuwa alikuona ukiwapima.

Yamebaki ya kiofisi, ambayo yamewaangusha wengi. Majina ya watoto wetu huandikwa kwa namna nyingi: Rajab kwenye cheti cha kuzaliwa, Rajabu kwenye cheti cha kidato cha nne, na jina la babu limeingia katika kimoja na kukosekana katika kingine. Kiapo cha majina kifanywe mapema, kwa wakili au mahakamani, siyo wiki ya mwisho. Idadi ya maneno iliyowekwa iheshimiwe, hata kama ni kupunguza sentensi unayoipenda. Fomu itumwe siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu mtandao husongamana saa za mwisho, na umeme ukikatika Handeni usiku huo hakuna wa kumlaumu. Nakala ya kila kilichotumwa ihifadhiwe mahali pawili, kwa kuwa waliofanikiwa wapo wengi walioomba mara mbili au tatu, na anayeomba tena ataanzia kwenye karatasi hizo hizo, akimwongeza yule mtoto wa nne ambaye safari hii amepata kumweleza.